Nilikwenda Pemba kufuata nywele zangu

Kuna siri niliyoificha mwaka mzima, na niliyemficha zaidi ni mume wangu. Nywele zangu za mbele zilikuwa zimeniaga.

Ilianza miezi mitatu baada ya kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Kila nikichana, kitana kinajaa. Nikaona isiwe tabu, nikaenda saluni nikasukwa rasta ndogondogo, zimekazwa mpaka macho yanavutika. Nikifumua, nasuka nyingine. Pembeni zilipozidi kukatika nikahamia kwenye wigi, na usiku nalala na kilemba. Baba mtoto akinipitishia mkono kichwani, nautoa. Maskini, akadhani nimemchoka.

Basi akapata kazi ya siku nne Chake Chake, akanibembeleza twende wote. Mtoto tukamwacha kwa bibi yake. Alifurahi nilivyokubali haraka! Ukweli ni kwamba shoga yangu mmoja wa ofisini alikuwa ameniambia mafuta ya karafuu ya Pemba yanaotesha nywele hata kwenye jiwe.

Tulishuka kwenye boti Mkoani, tukapanda gari kwenda Chake Chake. Wale mnaotafuta mahali pa fungate pasipo na kelele, hapa ndipo. Unguja ina Forodhani na watalii wake, Pemba ina vilima, migomba na mikarafuu mpaka macho yachoke. Ilikuwa msimu, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, na ile harufu inakuingia mpaka kwenye nguo. Sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka kisiwa hiki. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo inayoongoza.

Kesho yake mume wangu akaenda kazini, mimi huyoo, Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Vinajazwa kwenye mapipa makubwa ya chuma, mvuke wa moto unapitishwa ndani, unatoka umebeba mafuta, kisha unapozwa. Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama chini, wakati ya mchaichai yanaelea. Joto la mle ndani usiseme! Harufu ilikuwa kali mpaka machozi yakanitoka, na hapo ndipo ningejiuliza: kama pua haiwezi, kichwa kitaweza?

Sikujiuliza. Nilinunua chupa, na usiku ule nikajifungia bafuni, nikavua wigi, nikajipaka yakiwa matupu, bila kuchanganya na chochote.

Dakika mbili tu. Wadada, nilipiga kelele kama nimemwagiwa uji wa moto. Mume wangu akasukuma mlango, akawasha taa kubwa, na hapo akaniona kichwa kitupu, paji la uso limepanda mpaka karibu na utosi. Sijui nililia kwa maumivu au kwa aibu.

Hakuuliza kitu. Alikimbia kumgongea mama mwenye nyumba ya wageni, naye akaja na bakuli la mafuta ya nazi. Akanipaka, akanifuta kwa kitambaa, akanipaka tena, ndipo akaniosha kwa sabuni.

“Mwanangu, hii ni dawa ya jino,” akasema. “Tone moja kwenye pamba. Nani kakwambia uoge?”

Kisha akashika nywele chache zilizobaki pembeni, akazitazama.

“Na hizi umezivuta na nini?”

Tuliporudi Dar, mume wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa ngozi. Aliniambia nilikuwa na mambo mawili. Nywele zinazotoka baada ya uzazi huwa zinarudi zenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka. Zile za pembeni ziling’olewa na kukazwa. Ukiwahi kuacha zinaota, ukichelewa, mizizi inakufa na ngozi inabaki laini moja kwa moja. Upande wangu wa kulia, akasema, hawezi kuahidi.

Na mafuta je? Hayajadharauliwa na wataalamu. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen, Uskoti, walichapisha utafiti wa watu 86 wenye ugonjwa wa nywele kunyonyoka kwa mabaka. Kundi moja lilisugua kichwani mafuta ya rozmeri, lavenda, taimu na mwerezi kila siku kwa miezi 7, na asilimia 44 walipata nafuu. Waliosugua mafuta ya kawaida walikuwa asilimia 15. Mwaka 2015 huko Iran, rozmeri ililinganishwa na dawa ya minoksidili ya asilimia 2 kwa watu 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi 3 hakuna aliyeona tofauti ya maana, baada ya miezi 6 makundi yote mawili yaliongeza nywele. Ni tafiti ndogo, hakuna uliohusu karafuu, wala rasta za kukaza. Anayekuahidi nywele kwa wiki mbili anataka hela yako, basi.

Mimi natumia matone 12 ya rozmeri kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, na nilijaribu kwanza ndani ya kiwiko siku nzima. Mjamzito amuulize daktari wake kabla hajagusa. Rasta nimeziacha, wigi navaa kwenye harusi tu. Jumapili jioni nakaa chini kwenye mkeka, mume wangu kwenye kochi, ananisugua taratibu huku anatazama mpira. Timu yake ikifungwa, vidole vinakuwa vizito, namfinya mguu.

Huu ni mwezi wa sita. Kushoto zimeota, fupi na laini kama za mtoto. Kulia bado kuna kipande cha ukubwa wa sarafu ambacho hakijatoa hata unywele mmoja.

Ile chupa ya karafuu ipo kabati la juu kabisa, mbali na mtoto, maana akiinywa hata kidogo ni hatari. Juzi jino lilimuuma baba yake. Tone moja, kwenye pamba.