Maboya na Raketi



Wengi wenu mkitoka darasani Jumamosi mnakimbilia ukumbini kucheza mpira wa vinyoya. Nimeziona raketi zenu, nyingine zina herufi YY kwenye nyuzi. Binti yangu naye aliitaka ya namna hiyo. Nilipoona bei nikamwambia asubiri kidogo.

Katika kusubiri tukasoma habari za kampuni yenyewe, Yonex. Mnajua ilianza na nini? Maboya! Mwaka 1946, huko Niigata, Japani, Minoru Yoneyama alikuwa akitengeneza maboya ya mbao, yale yanayoelea na kushikilia wavu wa mvuvi usizame wote. Kisha yakaja ya plastiki, na ya mbao yakakosa wanunuzi. Yeye alichokijua ni mbao. Basi mwaka 1957 akaanza kuchonga raketi, nazo zikauzwa kwa majina ya wengine. Raketi yenye jina lake ilitoka mwaka 1961.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, na wewe kazi yako iliwahi kukosa wanunuzi?"

Nikanyamaza. Tangu azaliwe ananijua mimi ni dereva wa basi. Sikuwahi kumwambia kwamba Mombasa nilikuwa fundi cherehani, nina kibanda changu, na kwamba suruali ya mtumba ilikuwa ikiuzwa kwa pesa ambazo mimi hazikunitosha hata kununua kitambaa. Nilifunga nikidaiwa kodi ya miezi minne. Niliogopa akijua ataniona baba aliyeshindwa. (Wazazi, nadhani siko peke yangu hapa.)

Usiku ule nilimweleza yote, tumekaa jikoni. Hakunionea huruma wala hakucheka. Aliuliza tu, "Cherehani iko wapi?"

Iko kwa shangazi yake, Kisauni, na bado inashona. Hapa tumeazima ya jirani. Mguu wangu ulikuwa umesahau, mshono wa kwanza ukaenda upogo, tukaufumua.

Raketi tumeshaipata. Ni ya mtumba, haya, nichekeni. Jumamosi mkimwona binti amebeba mfuko wa raketi wa kitenge cha manjano, zipu ameitia mwenyewe.