Siku Moja Ngorongoro, na Karatasi Moja

Mbulumbulu iko juu ukingoni mwa Bonde la Ufa, kaskazini-mashariki ya Karatu. Mbele yako bonde limelala chini kabisa. Nyuma yako ni mashamba ya ngano na mahindi, kisha msitu wa milima ya Ngorongoro. Tembo wa msitu huo twawajua. Mahindi yakikomaa huja wenyewe usiku, na asubuhi mwenye shamba hana la kuvuna.

Ndiyo maana vijana wa kwaya ya parokia walipochanga fedha ili waende kutembea Ngorongoro, mzee mmoja aliwauliza, "Mnakwenda kulipa kiingilio mkamtazame mwizi wenu?" Hata hivyo wazazi walichangia, kwa sharti kwamba Jumapili ya pili wapewe habari kamili.

Ilikuwa siku ya mambo mengi mno. Kulipopambazuka tulipita lango la Lodoare, tukapanda katika ukungu, tukashuka ndani ya kreta, mita 600 chini: nyumbu, punda milia, simba, viboko, ziwa la magadi. Mchana tukaenda Oldupai, mahali ambapo Mary Leakey aliliona fuvu la kale mwaka 1959. Katika makumbusho tukatazama mfano wa nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Jioni garini hakuna aliyeimba. Ukiuliza, "Je, safari?" wanajibu, "Nzuri sana," na kukuonyesha picha mia mbili katika simu.

Kesho yake nikawagawia kila mmoja karatasi na penseli. Zoezi lenyewe tulifundishwa chuo cha ualimu, nalo ni rahisi: dakika 15, kitu kimoja tu, na uandike kwanza ulichoona, ulichosikia na ulichonusa kabla ya kusema ulichofikiri. Neno "nzuri" ni marufuku. Walinung'unika. Kuchagua kimoja na kuacha mia ni kazi ngumu, nami naona faida yote imo humo.

Mmoja aliandika baridi ya ukingoni, na dereva akifuta kioo kwa kofia yake. Mwingine aliandika asichokiona: twiga. Kweli, ndani ya kreta hamna twiga. Wa tatu alipima unyayo wa Laetoli kwa macho, akaona ni mdogo kuliko kiatu cha mdogo wake wa darasa la nne.

Binti mmoja, ambaye shamba la baba yake lililiwa lote mwaka juzi, aliandika juu ya tembo dume mzee katika msitu wa Lerai. Pembe zake zilikuwa ndefu, karibu kugusa nyasi. Aling'oa fungu la majani, akalipiga gotini kukung'uta udongo, ndipo akala, taratibu, kama mzee anayechambua mboga. "Nilikuwa sijamwona mchana," aliandika. "Nilikuwa nasikia tu mabua yakivunjika."

Jumapili ile zilisomwa karatasi zote 14. Baba yake hakusema neno kanisani. Jumatatu alikuja ofisini, akavua kofia, akaketi.

"Karani," akasema, "nisomee tena pale anapokung'uta udongo."