Mbegu Isiyoliwa

Yako maneno tuyasikiayo mara nyingi hapa Shituru, sokoni na hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa: "Nchi ni kubwa nasi tuna njaa, mbona nyika na mito hufungwa wakaachiwa wanyama?" Neno hilo si la kuchekwa, maana mwenye njaa ana haki ya kuuliza. Na tulipime polepole.

Hifadhi kubwa za upande wetu ni Upemba, iliyotengwa mwaka 1939, na Kundelungu, iliyotengwa mwaka 1970. Karibu nasi zaidi liko bonde la Lufira, ambalo UNESCO ililitia katika hifadhi zake mwaka 1982. Humo watu huishi na kufanya kazi, ila yawapasa kutumia kwa kiasi. Ndani ya bonde hilo mna ziwa Tshangalele, lililotokea maji ya Lufira yalipozuiwa kwa ukuta huko Mwadingusha. Tangu mwaka 1930 maji hayo yaliendesha mitambo ya umeme kwa ajili ya viwanda. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilikuwa kimeanza mwaka mmoja kabla. Basi mishahara iliyowalea watoto wengi wa mtaa huu ilitoka katika shaba, lakini ilitoka katika mto pia.

Na mto una mama yake, ndio msitu. Miti ikisimama, udongo hunywa mvua na kuitoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Miti ikikatwa yote kwa makala, mvua huukokota udongo hadi ziwani. Hapo kina cha maji hupungua, mitambo hupungukiwa nguvu, na samaki hukosa mahali pa kuzalia. Mvuvi, mchuuzi na fundi wa kiwandani wote hupata hasara moja.

Tutazame na huko chini, katika maziwa ya bonde la Upemba. Kwa miaka mingi samaki wakavu wa huko wamepitia Bukama kwa reli, wakaliwa kwa bukari katika miji ya migodi. Samaki hajui mpaka: akizaa kwa amani ndani ya hifadhi, watoto wake hunaswa nje. Kumbe mali tuliyodhani imefungwa ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Hata hivyo, tusifiche upande wa pili. Mwanakijiji aishiye mpakani ndiye azuiwaye kulima na kuwinda, ndiye ambaye shamba lake huharibiwa na wanyama. Umeme wapita juu ya kichwa chake kwenda mbali. Mzigo ukibebwa na wachache na faida ikiliwa na wengine, hapo hakuna haki. Yafaa vijana wa vijiji hivyo watangulizwe katika kazi za ulinzi, na sehemu ya mapato ijenge shule na zahanati zao. Nasi wa mjini tuna wajibu. Mchoma makala aache visiki vikiwa hai, kwa sababu miti mingi ya miombo huchipua tena ikiachwa ipumzike. Na maji machafu ya viwanda yasafishwe kabla ya kufika mto Panda, maana Panda huingia Lufira, na Lufira huenda kwa wavuvi.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Kwetu jambo hilo laonekana kwa macho: ziwa likijaa tope, wa kwanza kulia ni mjane auzaye samaki.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto hivi: mkulima mwenye akili hali mbegu yote, hata mwaka wa njaa. Huitenga, akaifunga, akailinda. Wala haitengi kwa kuwanyima watoto wake. Huitenga ili wapate kula mwakani.