Kurasa Zisizo na Alama

Wazee wawili wa Tanga, mmoja Mwislamu na wa pili Mkristo, wote walimu waliostaafu, walikuwa na ada ya kukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kibarazani, huko Ngamiani, ili kubadilishana vitabu. Kahawa ilikuwa ya mwenyeji, kashata za mgeni. Kwa miaka kumi na mitano walibishana juu ya kila jambo lililopata kupigwa chapa, wala hawakununiana, isipokuwa juu ya kalamu ya risasi. Mkristo alizoea kupiga mistari pembeni mwa ukurasa, hata katika kitabu cha kuazima, na mwenzake aliona huo ni ushenzi. Asiyependa vitabu atasema ni jambo dogo.

Mkristo akaugua. Mwenzake alipokwenda kumtazama hospitali alimkuta amemwita padri ampake mafuta matakatifu, baada ya miaka mingi ya kutokanyaga kanisani. Akafanya mzaha kama ilivyokuwa desturi yao: "Mwalimu, mtihani umekutisha hata unatafuta majibu mlangoni?" Mgonjwa hakucheka. Alisema, "Hapo usinichezee, ndugu yangu," akageukia ukutani. Siku ya nne, mwenzake akiwa Pangani kwa shughuli za shamba, alikufa.

Matanga yalipokwisha, mjane alimpelekea kitabu kilichokutwa chini ya mto. "Shemeji," alisema, "marehemu aliagiza kuwa zamu ni yako." Kilikuwa Maungamo ya Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika Tagaste, mji uitwao leo Souk Ahras, nchini Algeria, na kufa askofu wa Hippo mwaka 430. Mwezi mzima hakukifungua.

Alipokifungua, mistari ya risasi ilikuwa tele. Penye habari ya Agostino kujilaumu kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa hadithi ya Virgil, asijililie mwenyewe, marehemu alipiga mistari miwili na alama ya kuuliza. Lakini sehemu za kitabu ni 13, na alama zilikoma katika ya tatu. Toka hapo kurasa zilikuwa nyeupe, na mzee alijua kuwa sasa anakwenda peke yake.

Sehemu ya nne ilimkesha. Agostino, mwalimu kijana mjini kwao, alikuwa na rafiki aliyekua na kusoma pamoja naye. Jina lake hakuliandika. Alikuwa amemvuta aiache imani ya wazazi na kufuata mafundisho ya Mani. Rafiki akashikwa na homa, akabatizwa hali amezimia. Alipopata nafuu, Agostino aliufanyia mzaha ubatizo ule, akidhani watacheka wote wawili. Rafiki alimtazama kama adui, akamwonya aache maneno hayo ikiwa autaka urafiki wake. Baada ya siku chache homa ilirudi, akafa, na Agostino hakuwapo.

Mzee alikifunga kitabu. Adhana ya alfajiri ilipolia alikwenda msikitini, akasali, lakini dua ilimkwama. Mwenyezi Mungu husamehe haki zake. Haki ya mja humngoja mja mwenyewe, na mja huyo yu kaburini.

Akarudi kitabuni kutafuta kama Agostino alipata kusamehewa na rafiki yake. Hakuliona neno hilo. Aliona tu kwamba alihama kwenda Carthage, kwa kuwa macho yake yalimtafuta marehemu kila mahali pale mjini, na kwamba huko alituzwa moyo na marafiki wengine, kwa kucheka, kusoma vitabu pamoja na kubishana bila chuki. Mbele zaidi alisoma jinsi mama yake alivyofariki Ostia mwaka 387, naye Agostino, akiyazuia machozi, akaenda kuoga kwa kusikia kuwa maji huondoa huzuni. Akatoka nayo kama alivyoingia. Hapo mzee alicheka, mara ya kwanza tangu maziko. Marehemu naye alikuwa na imani kubwa mno katika kuoga.

Kisha akalia, kwa muda mrefu, mlango ukiwa umefungwa.

Jumamosi ya kwanza iliyofuata alipika kahawa, akamwita mjukuu wake amletee kalamu ya risasi. Alifungua sehemu ya nne, akatafuta habari ya ule mzaha, akapiga mstari pembeni. Mkono ulitetemeka na mstari ulipinda. Hakuufuta.