Ulinzi Unaojibu Ukiulizwa

Miaka ya 2000 ilipoanza, ukitaka kujua kama kumbukumbu za ofisi fulani mjini Kakamega ziko salama, ulimtafuta mtu. Kila ofisi ilikuwa naye mmoja: karani kijana aliyejua kompyuta. Jioni alinakili mafaili kwenye disketi, miaka ya baadaye kwenye sidii, kisha kwenye flashi, akaifungia ndani ya droo na kwenda nyumbani. Ukimwuliza kama amehifadhi, alisema amehifadhi, na neno lake ndilo lililokuwa ulinzi wote. Akiugua au akipata kazi Nairobi, ulinzi uliondoka naye.

Nilikuwa mmoja wa makarani hao. Adui tuliyemwogopa zaidi siku zile alikuwa radi. Anayeijua Kakamega anajua jinsi asubuhi inavyokuwa jua tupu, alasiri mawingu yakajikusanya upande wa msitu, na kabla watoto hawajatoka shule radi zikaanza kupiga. Tulizima mashine na kuchomoa kila waya ukutani. Virusi navyo tulivijua, hasa vile vya flashi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro walikuja saiba, yaani duka la intaneti, wakiwa na nyuso za msiba, tasnifu hazionekani, folda zote zimegeuka njia za mkato. Mara nyingi mafaili yalikuwa yamefichwa tu, ukayafichua kwa amri fupi na mwanafunzi akaenda zake akitabasamu. Virusi vile viliudhi, lakini havikumdai mtu pesa.

Kumbe uhalifu wa kufunga mafaili ya watu na kudai fidia ulikuwa umeshazaliwa, na mtu aliyeuanzisha aliifahamu Kenya. Joseph Popp, Mmarekani msomi wa Harvard, alikuwa amewahi kufanya utafiti wa nyani nchini mwetu. Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, zikidai kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Ukiiweka disketi hiyo kwenye kompyuta, programu yake ilijificha na kuhesabu. Mashine ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa, na ujumbe ukatokea ukitaka dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Popp alitiliwa shaka kwenye uwanja wa ndege wa Amsterdam akitoka mkutanoni Nairobi, na baadaye akapelekwa Uingereza, ambako alionekana hana afya ya akili ya kumwezesha kushtakiwa. Funguo za programu yake zilikuwa dhaifu na wataalamu walizifungua. Waliomfuata miaka mingi baadaye walitumia usimbaji usiofunguka, na sarafu ya bitkoini ikawaondolea shida ya sanduku la posta.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 dunia nzima ilisikia habari zao. Programu ya fidia iitwayo WannaCry iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, ikidai dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Kilichonishangaza ni kwamba dawa ilikuwepo: Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Ofisi nyingi hazikuwa zimekiweka, wala hazikuwa zimeangalia. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ugonjwa wetu mkubwa ni kuamini bila kuangalia.

Baadaye uhalifu huo wa fidia ukaja hapa kwetu. Chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, kiliniita asubuhi, foleni ya wanachama ikiwa imeshafika mlangoni. Kwenye skrini ya seva kila faili lilikuwa na jina lake la kawaida, likifuatwa na mkia wa herufi zisizo na maana. Ndani ya kila folda kulikuwa na faili moja jipya la maandishi: data yenu imefungwa, lipeni kwa bitkoini, mkichelewa bei itapanda. Diski ya nakala rudufu ilikuwepo. Ilikuwa imechomekwa kwenye seva hiyohiyo usiku kucha, nayo ikafungwa pamoja na seva.

Mweka hazina, mwalimu mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu, alisimama nyuma yangu.

"Kijana wangu, hiyo imeandikwa nini?"

Nikamsomea.

"Na ule ulinzi tunaoulipia kila mwaka?"

"Mwalimu, ulizimwa wakati wa matengenezo, na haukuwashwa tena."

"Nani alijua?"

Hakuna aliyejua. Kampuni iliyopewa kazi ya kuitunza seva iliuzima, ikamaliza shughuli zake, ikaondoka. Ankara ya leseni iliendelea kulipwa, na alama ya ngao iliendelea kukaa pembeni mwa skrini. Chama hakikulipa fidia. Hesabu zilijengwa upya kutoka kwenye vitabu vya wanachama, risiti za kaboni na taarifa za M-Pesa. Mama mmoja kutoka Khayega alileta kitabu chake akiwa amekifunga kwa leso. Mhuri wa ukurasa wa mwisho ndio uliotuambia akiba yake ni kiasi gani, kwa kuwa mashine haikuwa na habari yake tena.

Chama kilipohamia wingu, seva zilienda kukaa Johannesburg na sisi tukabaki Kakamega. Wengi waliona kuhama huko ni kupoteza udhibiti. Kwangu mimi kulikuwa na faida moja iliyozidi zote: ulinzi uliandikwa. Katika huduma ya wingu tuliyohamia, ulinzi dhidi ya virusi vya fidia hukaa ndani ya sera, na sera hiyo inaweza kusomwa kupitia API, ambayo ni kama dirisha la karani: programu inafika, inajitambulisha, inauliza, inajibiwa.

Programu ndogo niliyoiandika kwa Python hutuma kwanza hati za akaunti na kupewa tokeni, yaani kibali cha muda. Kisha hutuma ombi la GET kwenye anwani ya huduma ya ulinzi, ikitaja namba ya mradi na kuonyesha tokeni yake. Jibu huja kwa muundo wa JSON: kwanza jumla ya sera zilizopo, halafu sera moja moja na maelezo yake. Majibu hukatwa kwa kurasa, na usipoomba ukurasa unaofuata utaona sera za mwanzo tu ukadhani ndizo zote. Kwa sababu hiyo programu hulinganisha sera ilizopokea na jumla iliyotajwa, na haikomi mpaka zilingane.

Maelezo yanayorudi ndiyo yenye uzito. Sera husema inalinda Windows au Linux. Husema itafanya nini ikigundua shambulio: kutoa tahadhari tu, au kutoa tahadhari na kuitenga programu inayoshambulia. Tofauti hiyo ni kubwa. Tahadhari inayofika saa nane usiku kwenye simu ya mtu aliyelala haizuii chochote. Sera husema pia kama chambo kimewashwa. Chambo ni mafaili bandia yanayowekwa ndani ya folda, ambayo hakuna mfanyakazi mwenye sababu ya kuyagusa. Programu ikianza kuyabadilisha, mfumo unajua kwamba mwizi ameingia. Hufuata saraka zinazolindwa, zile zilizoachwa nje, aina za mafaili, programu zinazoaminiwa, na mwisho idadi ya seva zilizounganishwa na sera hiyo.

Kila asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa programu huuliza, hulinganisha jibu na nakala ya sera tulizoziidhinisha, na huchapa ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida. Ukurasa huo tuliuweka katika faili la Mwalimu pamoja na taarifa za benki, kwa sababu mwenye dhamana ya pesa za watu anastahili kusoma mwenyewe. Siku moja aliniita, kidole chake kikiwa kwenye safu ya mwisho.

"Hii sifuri ni ya nini?"

Sera ya hifadhidata ilikuwa nzuri kila mahali. Chambo kimewashwa, utengaji umewashwa, saraka ni zile zile. Idadi ya seva: sifuri. Fundi wa nje alikuwa ameijenga upya seva ya hifadhidata wikendi na kuifuta ile ya zamani. Mpya haikuunganishwa na sera yoyote. Kwa macho ya mtu aliyefungua ukurasa wa usimamizi, sera ilikuwepo na jina lake lilisomeka vizuri. Aliyeona kwamba haikumlinda mtu alikuwa mwalimu mstaafu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa Python. Seva iliunganishwa kabla ya saa ya chai.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaeleza vijana ninaowafundisha kazi kwamba sera ina namna kadhaa za kusema uongo bila kubadilisha jina lake. Inaweza kulinda folda ambayo data ilishahama. Inaweza kuwa na orodha ndefu ya programu zinazoaminiwa, moja ikiwa imeongezwa na mtu aliyechoshwa na tahadhari. Inaweza kubaki katika hali ya tahadhari tu tangu siku za majaribio. Hayo yote yamo ndani ya jibu la API, na yote hupita bila kuonekana kama jibu halisomwi. Tokeni nayo ina hatari yake: akaunti inayouliza ipewe ruhusa ya kusoma tu, kwa kuwa mwizi akiiteka yenye ruhusa ya kubadilisha, atazima sera kwanza ndipo afunge mafaili. Na nakala rudufu lazima ikae mahali ambapo seva yenyewe haiwezi kufika, kwa sababu sera bora kabisa inaweza kushindwa.

Sheria nazo zimebadilika tangu siku za disketi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inataka mashambulizi yaripotiwe kwa kamati ya taifa ndani ya saa 24. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mwenye kutunza data saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data pale taarifa za watu zinapovuja na kuwaweka hatarini. Saa hizo ni chache mno kwa ofisi inayoanza kutafuta siku hiyohiyo ni seva ipi iliyokuwa na ulinzi na ipi haikuwa nao. Ofisi yenye kurasa za kila asubuhi ina la kusema mara moja.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaotunza seva za shule, zahanati, vyama vya akiba na ofisi za kaunti, hapa Kakamega na kwingineko: ombeni orodha ya sera zenu wiki hii, zote mpaka ukurasa wa mwisho. Angalieni hali ya kila moja, saraka zake na idadi ya seva zake, kisha mpeni jibu hilo mtu mwenye dhamana alisome mbele yenu. Msipopata jibu, hesabuni kwamba hamna ulinzi, na muanze kuujenga.