Safari ya kwa bibi haiishii uwanjani
Ndege kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, huruka kama saa moja na nusu tu. Wakisikia hivyo, watoto wangu humpigia bibi yao Kyela: “Bibi, mchana tunakula wote!” Mama yangu ana kisukari, na hagusi wali wake kabla wageni hawajafika. Kumbe kutoka Songwe bado kuna Uyole, Tukuyu na mteremko wa kuelekea Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 120 kwa gari. Kwa hiyo mama namtajia saa ya kufika mlangoni, si ya kutua, na namsihi ale kwa wakati wake. Mzazi mwenzangu, kabla hujaahidi, hesabu na barabara.