Mshenga, Msemaji na Kaimu

Washairi wenzangu na wapenzi wa lugha, leo nawaomba tuingie mahali ambapo vina na mizani havijazoea kukaribishwa, yaani chumba cha seva. Kilichonipeleka huko ni kazi ya lugha. Kijana niliyemfundisha Kiswahili sekondari, ambaye sasa ni fundi wa mitandao hapa Arusha, alipewa jukumu la kuimarisha mitambo ya chama cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wengi ni walimu, waliomo kazini na sisi wastaafu. Aliniomba nimsaidie kuandika mwongozo kwa ajili ya vijana wawili wa zamu ya usiku. “Mwalimu,” alisema, “ule wa Kiingereza wanausoma vizuri tu, lakini huduma ikizima saa nane za usiku hawajui waanzie wapi.”

Nilikubali, kwa kuwa najua maana ya huduma ile kuzima. Mzazi anayetafuta mkopo wa ada mwezi Januari, au mstaafu anayetaka kujua salio lake kabla ya kwenda dukani kununua dawa, hana haja ya kuijua seva. Anachojua ni kwamba simu imemjibu hapana.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Ziko seva tatu zinazofanya kazi ileile. Mbele yake husimama mtambo mmoja unaopokea maombi yote ya kutoka nje, ukapeleka kila ombi kwa seva mojawapo, ukalipokea jibu na kulirudisha kwa mwombaji. Mwombaji hazioni kamwe zile seva za ndani. Mafundi wetu huuita mtambo huo proksi ya kinyume.

Neno hilo la pili lilinikera. Kinyume, kwa wajuao, ni ule mchezo wa kupindua silabi ili asiyehusika asielewe. Katika mazungumzo ya kila siku ni upinzani, au kwenda kusikotakiwa. Kijana wa zamu akisoma “proksi ya kinyume” usiku wa manane, atadhani ni proksi iliyoharibika.

Nikamwomba fundi wangu aiache kamusi kwanza, anieleze proksi ya kawaida hufanya nini. Akasema hiyo husimama upande wa waombaji: watu wengi wa ofisi moja huipa maombi yao, nayo huyapeleka nje kwa niaba yao. Nikacheka. Huyo ni mshenga! Hutumwa na upande wa posa, akabisha hodi kwa niaba ya aliyemtuma. Na anayemjibu mshenga ni nani? Upande wa binti nao huteua mtu wao. Wazee, mashangazi na binti mwenyewe wako ndani. Aliyekaa mbele ni mmoja, hupokea neno, hulipeleka ndani, hurudi na jibu. Huyo ni msemaji. Nilifikiria pia neno bawabu, ambalo washairi tunalipenda, lakini bawabu humfungulia mgeni akaingia, ilhali hapa mgeni haingii kabisa.

Chini ya Mlima Meru mifano ya pande zote mbili haiko mbali. Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet, naye akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kulisema shauri lao la ardhi. Hapo upande unaoomba ulikuwa na mtu mmoja wa kuusemea. Waarusha nao, kama Wamasai, wana laigwanani, kiongozi na msemaji wa rika. Mwenye shauri na rika hamzungukii kila mtu bomani kwake. Hupitia kwa laigwanani. Basi tukaandika: proksi ya kawaida ni seva mshenga, na ile ya kinyume ni seva msemaji.

Msemaji huyu ana daftari la mahudhurio. Katika programu ya HAProxy, ambayo Mfaransa Willy Tarreau alianza kuiandika mwaka 2000, majina huitwa kila baada ya sekunde 2, isipokuwa fundi ameelekeza vingine. Seva isiyoitika mara 3 mfululizo huondolewa kwenye orodha ya kazi. Ikiitika mara 2 mfululizo, hurejeshwa. Mwalimu yeyote anajua hila iliyopo hapo. Mwanafunzi anaweza kuitika “nipo” ilhali hajafungua hata daftari. Vivyo hivyo seva inaweza kuitikia hodi huku imeshindwa kuifikia hazina ya data. Kwa hiyo mwongozo wetu unamtaka msemaji aulize swali lenye kazi ndani yake, kwa mfano kusoma kumbukumbu moja kutoka hazina hiyo, asiridhike na kuitikiwa tu.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika mitambo, mjumbe hufa. Seva tatu zinaweza kuwa nzima huko ndani, lakini msemaji mmoja akizimika, nyumba yote imekuwa bubu. Ndiyo maana huwekwa wawili. Kiingereza kinawaita kwa majina yenye harufu ya bwana na mtumwa wake. Sisi tunayo maneno ya ofisini yasiyohitaji maelezo: mkuu na kaimu.

Lakini waombaji watajuaje kwamba leo anayesema ni kaimu? Hawajui, wala hawahitaji kujua. Barua ya wizara haikuandikwa kwa jina la mtu. Iliandikwa “Mkuu wa Shule”, na sanduku la posta ni lilelile. Mkuu akihamishwa Jumatatu, barua ya Jumanne humkuta aliyekalia kiti. Mafundi wana anwani ya namna hiyo, isiyofungwa kwenye mashine yoyote, ambayo kaimu huichukua mkuu anapotoweka. Tukaiita anwani ya cheo.

Utaratibu wa kukabidhiana, unaoitwa VRRP na uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1998, una mapigo kama mizani ya shairi. Kila mmoja hupewa daraja kati ya 1 na 254, na mwenye daraja kubwa ndiye mkuu. Kwa kawaida mkuu hutangaza kila sekunde 1 kwamba yupo. Kaimu husikiliza. Kimya kikipita sekunde 3 na ushei, huitwaa anwani ya cheo na kuutangazia mtandao kwamba barua zije kwake.

Hatari iko katika kimya chenyewe. Huenda mkuu yu hai, ila waya kati yao ndio uliokatika. Kaimu ataitwaa anwani, mkuu hataiachia, na wote wawili watajibu kwa jina moja. Hapo mafahali wawili wako zizi moja. Tukaandika kwa herufi kubwa: KABLA YA KUMWASHA YEYOTE, HESABU WAKUU. WAKIWA WAWILI, MZIME MMOJA.

Kundi la seva, ambalo mafundi huliita klasta, nilitamani kuliita chana, kwa heshima ya ndizi za Tengeru. Nililiacha jina hilo baada ya kulipima. Chana zinaweza kuwa nane au kumi, lakini zote zinaning’inia kwenye mkungu mmoja. Panga likipita mara moja, zote ziko chini. Nikamuuliza fundi wangu, “Mkuu na kaimu wako, wanakula chungu kimoja?” Akanyamaza kidogo, kisha akaenda kutazama. Mashine zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye betri moja ya akiba. Siku iliyofuata alizitenganisha: betri mbili, na nyaya mbili za mtandao zinazopita njia mbalimbali.

Nchi nzima imewahi kulisoma somo hilo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kwetu na kwa majirani zetu. Kwenye karatasi nyaya zilikuwa mbili. Baharini zilipita jirani.

Ndiyo maana sikubali kwamba istilahi ni pambo la kuwekwa baada ya kazi kwisha. Swali la chungu kimoja lilitokana na kutafuta neno. Wala hatuanzi leo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa walioipa dunia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Vijana wetu wa zamu sasa wana kurasa kumi na moja. Juma lililopita fundi aliuzima mtambo mkuu kwa makusudi, bila kuwaonya. Mmoja wao akampigia simu, akasema kwa utulivu, “Kaka, mkuu hayupo. Kaimu amekalia kiti, wakuu nimehesabu, ni mmoja.”

Limenibakia jambo moja, nalo nalileta kwenu. Msemaji hugawa maombi kwa njia nyingi. Ya kwanza ni zamu, kama maji ya mfereji kwa wakulima wa mlimani: leo wewe, kesho jirani. Ya pili ni kumpa aliye na mzigo mdogo kuliko wenzake. Ya zamu ina jina tayari. Ya pili nimeandika “mgawo kwa nafasi”, lakini halijanikaa kinywani. Mwenye neno bora, la mizani michache, atuletee. Toleo la pili la mwongozo linachapishwa mwisho wa mwezi.